SOMO: Namna ya kuchagua rimoti ya kuseti itakayodumu kwenye nyumba yenye watoto wadogo

Wakuu habari za majukumu. Nimeamua kuandika hili mara moja likae hapa, maana meseji ni ileile kila siku, "fundi nitafutie rimoti nzuri, watoto wameua nyingine", na nikijibu mmoja mmoja kila mtu anaondoka na nusu ya maelezo. Kazi yangu ni kutengeneza TV na ving'amuzi hapa Dar, na mezani kwangu rimoti zilizokufa ni nyingi kuliko TV zilizokufa, kwa hiyo naongelea vitu ninavyovifungua kwa bisibisi na kuviona ndani. Soma yote kwanza ndio uulize.

Ninaposema rimoti ya kuseti namaanisha ile wengine mnaita yunivesali, unaiseti iendeshe TV, king'amuzi na ikiwezekana sabufa. Nyumba yenye watoto naishauri sana hii, kwa sababu kulinda rimoti moja ni rahisi kuliko kulinda tatu zilizotapakaa kwenye kochi.

HATUA YA 1. Piga picha kibandiko cha nyuma ya TV na cha chini ya king'amuzi, uende dukani na hizo picha.

HATUA YA 2. Jua rimoti yako ya sasa inaongea na TV kwa njia gani. Washa kamera ya mbele ya simu (ya nyuma kwenye simu nyingi inachuja mwanga wa rimoti), elekeza kichwa cha rimoti kwenye kamera, bonyeza kitufe cha sauti. Ukiona kitaa kinamulika cha zambarau au cheupe, hiyo ni ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) na rimoti ya kuseti itakufaa. Kisipomulika na TV inatii, basi huenda inatumia bluetooth. Samsung na LG smati nyingi zina rimoti ya bluetooth lakini TV yenyewe bado ina jicho la infraredi, kwa hiyo rimoti ya kuseti itawasha, itapandisha sauti, itabadili chaneli, ila kuongea na TV kwa sauti au kile kimshale cha LG sahau. Ila Fire TV Stick (kile kidude cha Amazon cha kuchomeka kwenye TV) haina jicho kabisa, usipoteze hela hapo.

HATUA YA 3. BETRI. Hapa naomba sana mtulie.

Geuza rimoti uangalie inatumia betri gani. Kama ni ile ya duara bapa kama sarafu, imeandikwa CR2025 au CR2032, irudishe kwenye shelfu. Usiinunue hata kama ni nzuri, hata kama bei imeshuka. Ile betri ina upana wa milimita 20, mtoto mdogo akiimeza inakwama kwenye umio, na ikigusana na ule utelezi wa ndani umeme unaanza kupita, inatengenezwa alkali kali inayounguza nyama. Ndani ya saa 2 tu inaweza kuwa imeshaleta jeraha kubwa, na watoto wamekufa kwa hili. Marekani walitunga sheria mwaka 2022, inaitwa Reese's Law, jina la mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyefariki baada ya kumeza betri ya kwenye rimoti. Sheria ile inataka mfuniko wa betri hizi usifunguke mpaka kwa kifaa kama bisibisi au sarafu, au kwa mikono kufanya vitu viwili kwa wakati mmoja. Sisi huku unakuta kirimoti cha sabufa, cha redio ya gari au cha zile taa za urembo, kitreya cha betri unakivuta kwa kucha kinatoka chenyewe. Kakague nyumbani kwako leo, kabla hata hujafikiria kununua kitu kipya.

Na betri iliyokwisha nayo ina madhara. Rimoti imegoma lakini betri bado ina chaji ya kutosha kuunguza, kwa hiyo ukiitoa usiiache mezani wala usiitupe kwenye ndoo ambayo mtoto anaifikia, izungushie selotepu kwanza.

Ikitokea mtoto amemeza, au unahisi tu amemeza (anatoa udenda, anakohoa, anakataa kula, na wengine hawaonyeshi dalili yoyote), nenda hospitali yenye eksirei MUDA HUOHUO na uwaambie wazi ni betri, maana kwenye picha inaweza kudhaniwa sarafu. Usimtapishe, usimpe chakula wala kinywaji. Kitu kimoja tu wataalamu wa sumu wanaruhusu njiani, asali, vijiko vidogo viwili kila dakika 10, visizidi mara sita, kwa mtoto aliyezidi mwaka mmoja anayeweza kumeza na kama hayajapita masaa 12. Chini ya mwaka mmoja asali hapana. Na usichelewe safari kwa kutafuta asali.

Kwa hiyo chagua inayotumia AAA au AA, na mfuniko wa nyuma uwe na skrubu. Hazipo nyingi, lakini zipo, uliza. Ukikosa, nunua yenye mfuniko wa kuslaidi unaobana kweli, kisha zungushia kava la silikoni linaloshika mpaka mgongoni. Mfuniko wa kubetua kwa kidole mtoto wa miaka miwili anaufungua akiwa anaangalia katuni.

HATUA YA 4. Ishike mkononi. Itikise karibu na sikio, kitu kisicheze ndani. Ipindishe kidogo, isilie kwa-kwa-kwa. Ukiweza chagua yenye vitufe ambavyo ni kipande kimoja cha raba kilichotokea juu, usichukue ya vitufe vya plastiki kimoja kimoja, kwa sababu juisi na mate vinapita pembeni ya vile vya plastiki vinaenda kukaa kwenye bodi. Chungulia kichwani, yenye taa mbili inashika vizuri hata mtoto akiielekeza dirishani.

Kinachoua rimoti ikidondoka mara nyingi sio hilo bodi. Ndani ya rimoti nyingi kuna kikristali kidogo chenye miguu miwili au mitatu, ndicho kinachohesabu mapigo, na ikipiga sakafu ya taizi mguu unaachia kwenye risasi ya kuchomelea au chenyewe kinapasuka. Utaona rimoti haina mkwaruzo hata mmoja ila imekufa. Kava la silikoni linasaidia hapo kuliko kitu chochote. Ile nailoni ya kufungia inazuia vumbi na mafuta ya mikono tu, haizuii kudondoka.

HATUA YA 5. KUMBUKUMBU, hii ndio inayorudisha watu dukani na hasira. Watoto watatoa betri, hilo halina mjadala. Rimoti nyingi za bei ya chini zinasahau kila kitu betri zikitoka, maana yake kila mtoto akichezea unaanza kuseti upya, na kile kikaratasi cha kodi (namba za kuseti kwa kila aina ya TV) kilishatupwa. Jaribu hapohapo dukani: iseti kwa TV yoyote yenye kodi tofauti na ile inayokuja nayo, hakikisha inafanya kazi, toa betri, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda kumaliza umeme uliobaki ndani, iache kama dakika tano huku mnapiga stori, rudisha betri. Ikikumbuka, nunua. Ikisahau, mwambie asante uondoke. Usikubali maneno ya "hii inakumbuka bosi wangu" bila kuona kwa macho. Muuzaji mwenye mali nzuri hakatai kukujaribia.

HATUA YA 6. Kuseti. Kwenye nyingi unashikilia SET na TV mpaka taa iwake bila kuzima, weka kodi ya kwenye karatasi. Ukitafuta kwa otomatiki, yaani rimoti inapitia kodi moja moja yenyewe, kuwa makini TV inapozima, bonyeza kitufe cha kuthibitisha palepale, ukichelewa sekunde imeshapita kwenye kodi nyingine. Halafu usiridhike na kuzima na kuwasha peke yake, jaribu sauti, menyu, na kubadili HDMI, kwa sababu kuna kodi inazima TV vizuri lakini menyu haiijui.

Ukipata ile ya kunakili ndio bora zaidi, inajifunza kutoka kwa rimoti yako ya asili hata kama king'amuzi chako hakipo kwenye kodi. Vichwa viangaliane, sentimita mbili mpaka tano, mbali na jua. Ila hii inahitaji ya asili iwe nzima! Inunue SASA hivi wakati ya asili inafanya kazi, usisubiri izame kwenye ndoo ya maji.

Maswali karibuni.

*

Mdau wa Tabata: Mkuu kwa kifupi rimoti gani nzuri, taja moja tu

Jibu: Hatua ya 3 mpaka ya 5. Sitaji moja kwa sababu jina lilelile lina feki na orijino kwenye meza moja.

Mdau wa Tabata: Sasa si ungetaja tu bei basi

Jibu: Soma juu mkuu.

Mdau wa Mwanza: Fundi, simu yangu ina kile kitaa cha juu cha infraredi, nina haja ya kununua rimoti?

Jibu: Kama ni Redmi au yoyote yenye hicho kitaa inafaa sana kama akiba, programu yake ina kodi za TV nyingi. Ila ukitoka na simu nyumba inabaki bila rimoti, na bibi au dada wa kazi afanyeje. Rimoti ya mkononi iwepo, simu iwe ya dharura.

Mdau wa Arusha: Nilifuata ushauri wa rimoti ya kuseti kama mnavyosema humu, haikuendesha kitu, hela imeenda. Muwe mnaandika vitu mlivyojaribu

Jibu: Kaka pole kwa hela, lakini hujasema ni kifaa gani. Uliendesha nini?

Mdau wa Arusha: Stick ya Amazon

Jibu: Imeandikwa hatua ya 2, sentensi ya mwisho. Nenda kwenye setingi za hiyo stick uangalie kama HDMI-CEC imewashwa, na kwenye TV pia iwashe, baadhi ya TV zinapitisha mishale na OK kutoka rimoti ya TV kwenda kwenye stick. Kwa hiyo hiyo rimoti yako huenda isipotee bure, ijaribu kwanza.

Mdau wa Mombasa: Shukran sana kwa somo. Mimi napenda kujua, mbona kamera inaona ule mwanga na mimi siuoni? Na mbona rimoti ya TV haibadilishi king'amuzi ilhali zote ni infraredi?

Jibu: Swali zuri hili. Mwanga wa rimoti nyingi una urefu wa wimbi wa nanomita 940, jicho letu linaishia mitaa ya 700 na kitu, lakini kihisio cha kamera kinaendelea kuona zaidi ya hapo. La pili, taa haiwaki tu, inapepesa kama mara 38,000 kwa sekunde, na jicho la TV limetengenezwa lisikie mpepeso huo tu ndio maana mwanga wa balbu ya kawaida hauisumbui. Juu ya mpepeso huo rimoti inawasha na kukata kwa mpangilio, na mpangilio ndio ujumbe. Kwenye mfumo wa NEC unaotumika sana unatumwa ujumbe wa biti 32 (alama 32 za 0 na 1), sehemu ya kwanza ni anwani ya kifaa na sehemu ya pili ni amri, na kila sehemu inarudiwa kwa kugeuzwa ili mpokeaji ajue kama imefika sawa. King'amuzi kikiona anwani sio yake kinakaa kimya. Sony wao wana mfumo wao wa mpepeso wa mara 40,000 kwa sekunde. Rimoti ya kuseti ni maktaba ya hizo lugha, na kodi unayoweka inaiambia ifungue kitabu kipi.

Mdau wa Mombasa: Kumbe! Ndio maana nikiwasha zile taa za enaji seva karibu na TV rimoti inakuwa nzito?

Jibu: Ndiyo, zile za mrija zinaweza kutoa kelele inayomkanganya mpokeaji. Hamisha taa au weka ya LED uone.

Mama wa Morogoro: Fundi nina mtoto wa miezi tisa, rimoti anaing'ata muda wote. Kava la silikoni si atalila?

Jibu: Mama chagua kava nene la kipande kimoja, sio lile laini linalochanika kwa kucha, na kila ukilifua likague kingo, likianza kuchanika litupe. Ila kwa umri huo mpe rimoti iliyokufa, itoe betri kabisa, ifunge mfuniko kwa skrubu, isafishe, iwe yake. Asipoikubali kwa sababu haibadilishi TV, basi ya kweli ikae juu, ukutani kuna vile vishikio vya kubandika. Na miezi tisa asali hapana hata ikitokea dharura, hospitali moja kwa moja.

Mama wa Morogoro: Asante sana. Nimeangalia sabufa ina ile betri bapa, nimeshaitoa.

Jibu: Umefanya jambo kubwa mama. Sabufa ina vitufe mbele, itatosha.

Mdau wa Dodoma: Yangu betri zilivuja zikaacha unga mweupe kwenye springi, nitupe?

Jibu: Usitupe. Kama betri zilikuwa alkaline, chovya pamba ya masikioni kwenye siki au ndimu kidogo sana, sugua springi mpaka unga uishe, futa kwa spiriti, acha ikauke vizuri. Usiguse unga kwa mkono mtupu na watoto wakae mbali. Springi ikibaki na kutu ya kijani ipige msasa laini mpaka ing'ae. Halafu usichanganye betri mpya na iliyotumika, ile iliyochoka ndiyo inayovuja.

Mdau wa Dodoma: Na vitufe viwili vya sauti havishiki mpaka ubonyeze kwa nguvu

Jibu: Ukishaifungua kwa ajili ya springi, toa na raba. Chini ya kila kitufe kuna kidoti cheusi cha kaboni, kifute kwa spiriti taratibu, na upande wa bodi vilevile. Usikwaruze kwa kisu, ukimaliza kaboni kitufe hakirudi. Kama kidoti kimeshaisha, kata kutoka kwenye karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara kipande kidogo kama kidoti, bandika kwa gundi tone moja, upande unaong'aa uangalie bodi.

Mdau wa Dodoma: Sauti imerudi fundi, chaneli bado nahangaika nayo

Jibu: Fanya hivyohivyo kwenye chaneli, na kagua kama mstari wa shaba kwenye bodi haujakatika.