Kupata kibali cha picha na muziki wa kale kwa filamu ya hali halisi

Mtayarishaji anayetaka kusimulia habari za taarabu ya Tanga, tuseme enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star, atakuta kwamba sauti na picha za kale zinapatikana. Kinachokosekana mara nyingi ni karatasi inayomruhusu kuzitumia. Mzee aliyehifadhi santuri kabatini anamiliki santuri ile tu, na hata akiitoa kwa moyo mweupe, hawezi kutoa haki ya kuuweka wimbo wake katika filamu.

Wimbo mmoja una haki mbili, na kila moja inahitaji kibali chake. Ya kwanza ni ya utunzi, nayo ni ya mtunzi wa shairi na wa muziki, ambaye katika taarabu si lazima awe mwimbaji anayejulikana na watu. Ya pili ni ya rekodi, ambayo kwa kawaida huwa ya aliyegharimia kurekodi. Nyimbo nyingi za bendi za miaka ya 1960 na 1970 zilirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa hiyo kwa kanda hizo mlango wa kubisha ni Shirika la Utangazaji Tanzania. Lakini kibali cha rekodi hakifuti haki ya mtunzi.

Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, ndiyo maana kazi kubwa huwa ni kuwatafuta warithi. Anza kwa kuuliza COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ukikumbuka kwamba kazi isiyosajiliwa nayo inalindwa. Ukiwapata warithi, usitie saini na mtoto wa kwanza anayejitokeza, hata akiwa mwungwana kiasi gani: omba kuona barua ya mahakama inayomtaja msimamizi wa mirathi. Kama haipo, ni afadhali familia ianze huko, kuliko ndugu kugombana filamu ikiwa tayari imeshatangazwa.

Picha nyingi za kale za mkoa huu ziko ng'ambo. Filamu chache zilizosalia za mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, uliokuwa na makao Vugiri, Usambara, kati ya 1935 na 1937, zimehifadhiwa British Film Institute, na maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt ina hazina kubwa ya picha za enzi za Wajerumani. Omba kwanza nakala hafifu yenye namba za muda, uhariri nayo, kisha ulipie sekunde zilizobaki katika filamu. Uliza mapema kiwango cha chini cha sekunde utakazotozwa, na utenganishe gharama za utafutaji, nakala na leseni, kwani hata picha ambayo hakimiliki yake imekwisha huweza kutozwa ada ya nakala.

Mkataba utaje nchi, muda na njia za kuonyesha. Mwenye fedha kidogo anunue leseni ya matamasha pekee, ila bei za televisheni na intaneti ziandikwe humo humo, maana filamu ikishapendwa bei hupanda. Na unapomhoji mtu mtaani Ngamiani, Tanga, omba redio ya duka la jirani izimwe, kwa sababu wimbo uliopenya katika mahojiano nao unadai vibali vyote viwili.