Somo: Bahari za ncha za dunia zikibadilika, fitoplanktoni hufanyaje?

Waulize wanafunzi wa kidato cha sita: Bahari ya Aktiki ikipata joto, fitoplanktoni huongezeka au hupungua? Darasani kwangu jibu huja haraka: "Huongezeka, mwalimu, maana mimea hupenda joto." Nusu ya jibu inapita, sababu haipiti, na ukivuka kwenda Antaktika hata hiyo nusu haisimami. Somo hili ni la walimu wenzangu wa Jiografia na Baiolojia wa Dodoma, Singida na jirani, sisi ambao bahari iliyo karibu iko mamia ya kilomita kutoka kwetu. Vifaa ni glasi mbili, chumvi, rangi ya keki na friji. Kama shule haina friji, muuza soda wa jirani hakunyimi nafasi ya vipande viwili vya barafu.

Hatua ya 1: Wajue wahusika

Fitoplanktoni ni vimea vya seli moja vinavyoelea kwenye maji ya juu ya bahari. Ni vidogo mno, ila karibu nusu ya usanisinuru wote wa dunia ni kazi yao. Kwenye bahari za ncha wataje angalau watatu. Diatomu wana ganda la silika na ni chakula kikubwa cha krili, vile viumbe vidogo vya jamii ya kamba. Phaeocystis hujikusanya kwenye vibonge vya utelezi. Micromonas hafiki hata mikromita 2; huyu huliwa kwanza na viumbe wengine wadogo, wale nao waliwe, ndipo chakula kimfikie samaki. Andika suala la ukubwa ubaoni, tutalirudia.

Hatua ya 2: Uliza kilichopungua ni nini

Mkulima wa uwele kule Chamwino hana shida ya jua, jua analo la kugawa. Anachosubiri ni mvua ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Ukimwongezea jua hujamsaidia kitu. Fitoplanktoni nao huwekewa kikomo na kile kilicho haba, siyo na kile kilichojaa.

Kwa hiyo kila habari unayosikia, iwe barafu imepungua, upepo umezidi au mito imemwaga maji mengi, ipitishe kwenye maswali mawili: mwanga umekuwaje, na virutubisho vimekuwaje? Joto lenyewe lina mchango, lakini vimea hivi vimezoea baridi tangu hapo. Ugumu wote unatokana na jambo moja: mwanga unatoka juu, virutubisho vingi viko chini.

Hatua ya 3: Fanya jaribio la matabaka

Usiku wa kuamkia kipindi, tia rangi ya keki kwenye maji na ugandishe vipande vya barafu. Kesho yake glasi ya kwanza ijaze maji ya kawaida, ya pili maji ya chumvi. Vijiko sita vya chai vya chumvi kwa lita moja vinakaribia maji ya bahari, ambayo yana kama gramu 35 kwa lita. Maji yetu ya visima vya Mzakwe yana chumvichumvi yake, kila anayepika chai hapa mjini anaijua, ila kwa jaribio hili haiharibu kitu. Acha glasi zitulie, kisha weka kipande kimoja cha barafu katika kila moja. Usikoroge.

Kwenye maji ya kawaida rangi itashuka kwa mistari mpaka kitakoni, na baada ya muda glasi nzima itakuwa ya rangi. Kwenye maji ya chumvi rangi itabaki juu, imetanda, na chini yake maji yatakuwa maangavu kabisa. Hapo nyamaza, waache watazame. Barafu iliyoyeyuka haina chumvi, kwa hiyo ni nyepesi na hukalia maji mazito. Barafu ya bahari nayo iko hivyo. Maji ya bahari huganda yakifika kama nyuzi −1.8, na yanapoganda husukuma nje sehemu kubwa ya chumvi, hivyo ikiyeyuka hutoa maji yenye chumvi kidogo sana.

Angalizo: zile barafu za ubuyu wanazouziwa watoto getini hazifai. Zina sukari, na sukari huongeza uzito wa maji, kwa hiyo rangi inaweza kuzama hata kwenye chumvi na somo lote likageuka.

Sasa waambie tabaka hilo la juu lina faida na hasara kwa pamoja. Faida ni kwamba vimea vinabaki kwenye mwanga badala ya kuvurugwa hadi gizani, ndiyo maana barafu inaporudi nyuma majira ya kuchipua ya huko, baridi inapoisha, hutokea mlipuko mkubwa wa vimea. Hasara ni kwamba virutubisho vya juu vikishaliwa, tabaka lilelile linaziba njia ya vile vya chini. Asiyeshika hapa atababaika hatua mbili zinazofuata.

Hatua ya 4: Nenda kaskazini

Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Mito mikubwa kama Lena, Yenisei, Ob na Mackenzie humwaga humo maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, na kirutubisho kinachoadimika zaidi ni naitreti. Barafu ya bahari imekuwa ikipimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa 1978. Septemba 2012 ilishuka hadi takribani kilomita za mraba milioni 3.4, kiwango cha chini kabisa katika rekodi hiyo.

Barafu ikiondoka mwanga unaingia, na kweli uzalishaji umepanda: kati ya 1998 na 2018 uliongezeka kwa asilimia 57. Mwanzoni sababu kubwa ilikuwa eneo la maji wazi kupanuka. Baadaye vimea vyenyewe vikawa vingi zaidi ndani ya maji, ishara kwamba kuna virutubisho vipya vinavyoingia. Hapa wanafunzi wangu hushangilia.

Wasishangilie mapema. Kwenye Bahari ya Beaufort, sehemu ya Aktiki kaskazini mwa Alaska na Kanada, maji hayo yasiyo na chumvi yamejilimbikiza, tabaka la juu limekuwa imara zaidi, na vipimo vya kati ya 2004 na 2008 vilionyesha vimea vidogo kama Micromonas vikiongezeka huku vikubwa vikipungua. Upande wa Bahari ya Barents, kaskazini mwa Norwei na Urusi, mambo ni kinyume: maji ya Atlantiki yenye joto na chumvi yanasonga ndani, matabaka yanalegea. Humo fitoplanktoni wa maji ya kusini zaidi, Emiliania huxleyi, amesogea kuelekea ncha. Bahari ni moja, majibu ni mawili, na bado hatujatoka kaskazini.

Kuna jambo lililowashangaza hata wataalamu. Julai 2011, kwenye Bahari ya Chukchi, watafiti walikuta mlipuko mkubwa wa vimea chini ya barafu yenye unene wa mita 0.8 hadi 1.3, ukienea zaidi ya kilomita 100 ndani ya eneo la barafu. Kabla ya hapo wengi waliamini chini ya barafu ni giza tu. Lakini barafu imekuwa nyembamba, na madimbwi ya maji yaliyoyeyuka juu yake hupitisha mwanga. Kinachozuia mwanga zaidi ni theluji iliyokaa juu ya barafu.

Hatua ya 5: Nenda kusini

Bahari ya Kusini inaizunguka Antaktika bila nchi kavu kuifunga. Naitreti na fosfeti zipo nyingi, mpaka zinabaki bila kutumika. Kilichoadimika ni madini ya chuma, mara nyingi pamoja na mwanga. Hoja ya chuma ilitetewa sana na John Martin, Mmarekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, na jaribio la kumwaga chuma baharini mwaka 1999, lililoitwa SOIREE, lilionyesha vimea vikistawi kweli. Ndiyo maana karibu na visiwa kama Kerguelen na South Georgia, ambako chuma hutoka kwenye miamba na matope ya kina kifupi, maji huwa na vimea tele kuliko bahari ya mbali. Hata moshi wa moto wa misitu ya Australia wa 2019 na 2020 ulipeleka chuma baharini, na setilaiti zikaona mlipuko.

Kuhusu barafu, usiwafundishe kwamba kusini imekuwa ikipungua kila mwaka. Iliongezeka kidogo kidogo hadi 2014, ikaanguka ghafla 2016, na Februari 2023 ikafika chini ya kilomita za mraba milioni 2. Hilo ni pigo kwa krili, maana watoto wao hula mwani unaoota upande wa chini wa barafu wakati wa baridi.

Hatua ya 6: Soma ramani ya klorofili

Klorofili ni ile rangi ya kijani ya vimea, kwa hiyo ramani yake huonyesha fitoplanktoni walipo wengi. Ramani hizi hupatikana bure kwa NASA, na setilaiti mpya, PACE, ilirushwa Februari 2024. Kabla hujaionyesha darasani angalia kipimo cha rangi: mara nyingi hupanda kwa mara kumi kumi, siyo kwa nafasi sawa. Sehemu tupu si lazima iwe haina vimea, huenda ni wingu, barafu au giza la miezi ya baridi. Na setilaiti huona maji ya juu tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kondoa: Shikamoo mwalimu. Kama Aktiki uzalishaji umepanda, si ni samaki zaidi?

Marahaba. Inategemea nani amezalisha na lini. Vimea vikiwa vidogo, ngazi za kuliwa zinaongezeka na kila ngazi inapoteza chakula. Halafu kuna wakati. Kikrasteshia (kiumbe kidogo cha jamii ya kamba) kiitwacho Calanus glacialis hutumia mwani wa barafu kutengeneza mayai, na watoto wake hula mlipuko wa maji wazi unaofuata. Barafu ikivunjika mapema, milo hiyo miwili inasogeleana na watoto wanachelewa karamu.

Mwanafunzi, Mpwapwa: Basi kwa nini tusimwage chuma Bahari ya Kusini, tupunguze kaboni?

Vimea huongezeka, hilo limethibitika. Kaboni kuzama na kukaa chini miaka mingi ni habari nyingine, sehemu kubwa huliwa na kurudi juu. Mwaka 2008 nchi wanachama wa Mkataba wa London, unaozuia kutupa taka baharini, zilikubaliana kwamba kazi hiyo isiruhusiwe isipokuwa kwa utafiti halali. Nami naona walifanya vema.

Mwanachama, Manyoni: Fitoplanktoni wakipungua tutakosa oksijeni?

Hapana, na naomba tuache kuwatisha watoto. Hewa ina asilimia 21 ya oksijeni, akiba kubwa mno, na oksijeni nyingi inayotengenezwa baharini hutumika humohumo. Cha kuogopa ni chakula na kaboni.

Mwanachama, Dodoma mjini: Na tindikali ya bahari? Hujaigusa.

Kweli. Maji ya baridi huyeyusha kaboni dioksaidi zaidi, kwa hiyo ncha zinaumia mapema. Wastani wa pH ya uso wa bahari umeshuka kutoka karibu 8.2 hadi 8.1 tangu enzi za viwanda. Wanaosumbuka zaidi ni wenye maganda ya chokaa. Diatomu, wenye silika, siyo wa kwanza kwenye foleni hiyo.

Mwanachama, Bahi: Ukame wetu huku unatokana na hao vimea?

Sitakuunganishia kwa nguvu. Mvua zetu zinahusiana zaidi na Bahari ya Hindi na mkanda wa mvua wa tropiki. Vimea vya ncha vinatugusa kwa njia ndefu, kupitia kaboni inayobaki hewani.

Mwanachama, Kongwa: Nimefanya jaribio, rangi ikachanganyika glasi zote mbili.

Chumvi yako iliyeyuka yote? Ikibaki kitakoni, maji ya juu yanakuwa mepesi kuliko unavyodhani. Koroga mpaka isionekane, subiri dakika kumi, halafu teremsha barafu kwa kijiko badala ya kuidondosha. Na usiweke glasi kwenye meza ambayo wanafunzi wameiegemea.