Fundi wa saa tano: jinsi ya kujisukuma ukiamua kufanya kazi kwa saa chache

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Nashona nguo za kike kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana, na nikishafunga mlango nimefunga. Wanaotaka kuishi hivi huniuliza kwanza habari za fedha. Fedha nitaieleza, maana bila hesabu hakuna mazungumzo. Ila kazi kubwa iko kwenye kujisukuma mwenyewe bila bosi, na msukumo huo hautakiwi pale wengi wanapodhani. Kuanza kazi asubuhi kunataka msukumo kidogo tu. Kuacha kazi wakati mteja amesimama mlangoni na noti mkononi, huko ndiko kunakotaka moyo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamwekea mwajiriwa kikomo cha saa za kawaida: saa 9 kwa siku, siku 6, jumla isizidi saa 45 kwa wiki. Aliyejiajiri hana wa kumwekea kikomo. Ndiyo maana usiku ukipita mitaani unaona vibanda vya mafundi bado vina taa, na nguo za watu bado hazijaisha. Kikomo inabidi ujiwekee mwenyewe, kisha ukilinde kama vile umewekewa na serikali.

Hesabu kwanza

Mali bila daftari hupotea bila habari, na saa ni mali. Andika unachohitaji kwa mwezi bila kujidanganya: kodi ya nyumba, chakula, ada, umeme wa LUKU, nauli, mchango wa kikoba (kikundi cha kuweka akiba), na fungu la kuugua, kwa sababu hakuna atakayekulipa siku ukilala kitandani. Tuseme jumla ni shilingi 600,000. Gauni la kitenge unalishona kwa 28,000. Ukitoa uzi, zipu, bitana, umeme na kodi ya kibanda unabaki na 20,000. Basi unahitaji magauni 30.

Sasa pima gauni moja linakula saa ngapi, kuanzia kumpima mteja hadi pasi ya mwisho. Usikisie. Washa saa ya simu kila unapoligusa na uizime kila unapoliacha. Likikula saa 3, magauni 30 ni saa 90. Siku nne kwa wiki zinakupa siku kama 18 kwa mwezi, na 18 mara 5 ni 90. Hesabu imekubali.

Gauni likikula saa 5, hesabu haijakubali, na hapo nasema wazi: usipunguze saa. Ongeza wepesi wa mkono, au panda bei, au vyote viwili. Fundi mchanga aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA juzi, au mwenye deni la cherehani, anahitaji saa nyingi kwanza. Saa chache kwa mkono mzito ni njaa, na mwenye njaa hawezi kumkataa mteja.

Asubuhi isiwe na cha kuamua

Watu wanangoja hamu ya kazi ije. Mimi siingoji. Naiandalia njia.

Jumatatu yote nakata. Nguo za wiki nzima zinapita mezani siku hiyo, chaki na mkasi tu, cherehani imefunikwa. Kila nguo naifunga furushi lake: vipande vyote, zipu yake, bitana yake, vifungo vyake, na karatasi ya vipimo nimeibana kwa pini juu. Kisha mafurushi nayapanga kwa rangi ya uzi. Yanayotumia uzi mweusi yanakaa pamoja, ya bluu pamoja, ya nyekundu pamoja, ili nisiwe kila mara nabadilisha uzi wa juu na kujaza bobini upya. Fundi anayekata nguo moja, akaishona, akarudi kukata nyingine, anaanza kazi upya mara nyingi kwa siku, na kila kuanza upya kunamchosha.

La pili ndilo lililonisaidia kuliko yote. Saa 7 ikifika siachi meza tupu. Naacha mshono katikati, mahali ninapopajua: bega moja limeshaungwa, la pili nimelibana pini na kuliweka tayari chini ya mguu wa cherehani. Kesho yake nakaa, nakanyaga. Mguu unatangulia, akili inafuata. Anayemaliza kila kitu usiku akaondoka na meza nyeupe, asubuhi anaanza kwa kufikiri aanze na nini, na kabla hajapata jibu simu imeshaingia mkononi.

Simu yangu inakaa kwenye droo ya nyuzi hadi saa 6. Kuanzia saa 6 hadi saa 7, Jumanne na Alhamisi, ndio muda wa wateja: kupima, kujaribisha, kuchukua. Nimeuchagua kwa sababu wa maofisini hutoka kwenda kula saa hizo. Wanaotuma picha za mishono WhatsApp usiku nawajibu hapohapo kwenye saa 6, na wameshazoea.

Kuna siku mwili unagoma. Siku hizo siigusi cherehani kwanza, nawasha pasi. Kufungua mishono ya jana na kuilaza kwa pasi hakutaki akili, na nikifika nguo ya tatu mikono imeshashika kazi. Kama baada ya hapo bado nashona mstari unaopinda na kufumua, huo si uvivu, ni uchovu. Nafunga, naenda kulala, na saa hizo nazifidia Ijumaa. Ukizifidia Ijumaa moja ni sawa. Ukiona Ijumaa zinafuatana, umepokea oda nyingi kuliko nafasi za wiki yako.

Kukataa

Daftari langu la oda lina mistari saba kwa wiki. Mstari wa nane sijauchora. Mteja anaandikwa akiacha nusu ya malipo kama kianzio, na tarehe ninayomwandikia ndiyo tarehe ya kuchukua. Mistari ikijaa, wiki imejaa.

Kukataa kunafanyiwa mazoezi, tena kwa sauti, ukiwa peke yako, mpaka maneno yatoke bila kutetemeka. Mazungumzo ya siku za karibu na Idd huwa hivi:

"Fundi, nisaidie jamani, gauni moja tu la sikukuu."

"Dada yangu, nafasi za Idd zimejaa. Iliyo wazi ni Jumanne baada ya sikukuu. Nikuandikie?"

"Nakuongeza elfu kumi."

"Nikiipokea, atakayekosa nguo ni mama aliyeniletea kitambaa tangu Shaabani. Nikuandikie Jumanne, au nikuelekeze kwa mwenzangu barabara ya pili?"

Utaona sijaeleza kwamba nafunga saa 7, wala kwamba nimechoka. Ukianza kueleza sababu zako, mteja anaanza kuzijadili moja moja, na mteja wa Tanga anajua kujadiliana. Mpe tarehe, na mpe mlango mwingine. Ndiyo maana ni lazima uwe na fundi mwenzako unayemwamini kweli. Mimi nampelekea wateja wa haraka, yeye ananipelekea wa magauni ya harusi yanayotaka utulivu, na hakuna anayemdai mwenzake.

Elfu kumi ile inauma, hasa ukikumbuka ada. Lakini ihesabu vizuri. Saa tatu za ziada zinaingia usiku, usiku unaharibu asubuhi, asubuhi mbovu inachelewesha nguo mbili za watu waliolipa kianzio. Na sifa ya mafundi mnaijua: "njoo kesho". Mimi napata bei nzuri kuliko wenzangu wengi kwa sababu moja, nguo yangu inakuwa tayari siku niliyosema. Saa chache ndizo zinazoniwezesha kusema tarehe na kuitimiza.

Misimu

Kazi yetu haiji sawasawa. Shaabani pwani ni mwezi wa harusi, Idd inafuata, Januari ni sare za shule. Masika mvua ikishika, kibanda kinapoa. Usiweke saa zako kwa kutazama wiki moja, tazama mwaka. Majira ya kazi nyingi mimi naongeza siku, siongezi saa: naweka Ijumaa asubuhi, na nabandika mlangoni tangu mapema kwamba ni hadi tarehe fulani. Bila tarehe ya mwisho, msimu hauishi. Fedha ya Ijumaa hizo hailiwi. Inakaa kikobani kungoja masika, na sehemu nyingine inakwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako hata aliyejiajiri anaweza kuchangia kwa hiari. Kujiwekea akiba kunaingia kwenye kujisukuma pia, maana anayejua Aprili imeshalipiwa hakubali oda kwa woga.

Alasiri iwe na mwenyewe

Ndugu na majirani wakiona mlango umefungwa mchana wanadhani huna kazi. Utaombwa uende benki, ukae na watoto, ukasubiri fundi bomba nyumbani kwa shangazi. Ukisema "napumzika" hakuna atakayekuelewa, na wewe mwenyewe utajiona mvivu. Kwa hiyo kila alasiri yangu ina mwenyewe. Jumatatu na Jumatano niko maktaba ya mkoa. Jumanne na Alhamisi ni za mama yangu: nampikia, namsindikiza kliniki, tunakaa barazani. Shangazi akiniita Jumanne namjibu, "Shikamoo shangazi, leo ni siku ya mama, nitakuja Ijumaa," na Ijumaa nakwenda kweli. Ukitimiza Ijumaa, Jumanne yako inaheshimiwa.

Alasiri zisizo na mwenyewe zinarudi kwenye cherehani zenyewe. Nimewaona mafundi waliofunga mapema wiki mbili, wakakosa la kufanya, wakafungua tena wakisema maisha haya ni ya Wazungu. Hawakukosa fedha, walikosa mahali pa kwenda saa 8 mchana.

Pa kuanzia

Usikate saa zote kwa mpigo. Chagua alasiri moja, Jumatano inafaa kwa sababu iko mbali na haraka za mwisho wa wiki. Andika mlangoni: *Jumatano tunafunga saa 7 mchana. Nguo zinachukuliwa Alhamisi.* Fanya hivyo mwezi mzima, halafu fungua daftari. Kipato kikiwa palepale na hakuna tarehe uliyoivunja, ongeza alasiri ya pili. Kikishuka, usikimbilie kurudisha saa. Tafuta kwanza ni nguo zipi zinazokula muda na kulipa kidogo. Kwangu yalikuwa ni marekebisho: kupunguza suruali, kubadilisha zipu, kubana gauni la mtumba. Kila moja linaonekana dogo, shilingi elfu mbili elfu tatu, lakini lina uzi wake, kufumua kwake, na mteja anayesimama kusubiri huku anakuhadithia. Sasa nayapokea Alhamisi peke yake, yanashonwa kwa pamoja wiki inayofuata, na bei yake imepanda.