Kupima serikali inavyosimamia utalii endelevu: hatua kwa hatua, kwa mfano wa Unguja

Tathmini nyingi za utalii huishia mezani: sera imesomwa, sheria zimeorodheshwa, alama zimetolewa, lakini hakuna aliyeinama kwenye kisima cha kijiji. Mwongozo huu unaanzia kwenye karatasi na kwenda mpaka kisimani, kwa kuwa usimamizi wa serikali hujulikana pale kibali chake kinapokutana na mtu anayeteka maji. Kwa timu ya watu watatu, tengeni wiki kumi za kazi, pamoja na safari mbili za uwandani katika misimu tofauti.

Hatua ya 1: Jua sheria ipi inapimwa, na wapi

Utalii na mazingira si mambo ya Muungano. Kwa Unguja utapimia Sheria ya Utalii ya Zanzibar ya 2009 na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya 2015, pamoja na kanuni zake. Kosa la kila mara ni kubeba umbali wa mita 60 kutoka baharini wa Sheria ya Mazingira ya Tanzania Bara (2004, kifungu cha 57) na kuzipimia hoteli za Nungwi. Unguja tumia umbali ulioandikwa kwenye kibali cha hoteli yenyewe. Vivyo hivyo, usiitaje Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 katika barua zako, maana nayo ni ya Bara.

Chagua sehemu chache zisizofanana. Mseto unaofaa ni Nungwi (ufukwe wenye hoteli nyingi), Jambiani Kikadini (mwani na nyumba ndogo za wageni), Shangani katika Mji Mkongwe, na Pete jirani na msitu wa hifadhi wa Jozani, ambako mapato ya hifadhi yanatakiwa kuwafikia wanakijiji. Vibali vya utafiti vishughulikiwe kwanza. Bila barua iliyopita wilayani, sheha (kiongozi wa shehia, eneo dogo kabisa la utawala) hatakupokea, naye ana haki.

Hatua ya 2: Chora ramani ya madaraka

Chukua karatasi kubwa na uigawe safu nne: nani anaruhusu, nani anakusanya fedha, nani anakagua, nani anaweza kufunga. Kisha weka taasisi: Wizara ya Utalii na Mambo ya Kale, Kamisheni ya Utalii, Mamlaka ya Ukuzaji Vitega Uchumi (ZIPA), Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira (ZEMA), Mamlaka ya Maji (ZAWA), Mamlaka ya Mapato (ZRA), halmashauri na shehia.

Tazama mambo mawili. Kwanza, taasisi inayosifiwa kwa wingi wa wawekezaji isiwe ndiyo yenye neno la mwisho kuhusu masharti yao. Pili, tafuta safu iliyo tupu. Mara nyingi ni ile ya kufunga: wakaguzi wapo, ripoti zipo, ila hakuna aliyewahi kumfungia mtu. Omba orodha ya adhabu za miaka mitatu iliyopita. Ukijibiwa kwamba hakuna hata moja, liandike jibu hilo neno kwa neno, pamoja na tarehe na cheo cha aliyelitoa.

Hatua ya 3: Geuza ahadi ziwe maswali yenye ngazi

Vigezo vya Baraza la Utalii Endelevu Duniani (GSTC) kwa maeneo ya utalii, toleo la 2019, vina sehemu nne: usimamizi, uchumi na jamii, utamaduni, mazingira. Vitumie kukagua kama umesahau kitu, usivinakili vyote. Maswali 25 yanatosha. Ukifika 60, wasaili wako watakusanya majibu ya haraka haraka.

Kila swali lipewe ngazi:

0 – hakuna ushahidi
1 – imeandikwa katika sera, sheria au kanuni
2 – ina fungu la fedha na ofisa mwenye jukumu
3 – inatekelezwa, na kumbukumbu za miezi 12 zipo
4 – matokeo yamepimwa na hali imebadilika

Ngazi hairukwi. Jambo likiwa linafanyika kwa fedha za mfadhili bila fungu la serikali, linabaki 1, kwa sababu mradi ukiisha nalo linaisha. Hapa mtabishana sana na maofisa. Shikilieni.

Mfano wa Shangani: Mji Mkongwe uliingia Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe ipo tangu 1985. Kwa hiyo ngazi ya 1 ni rahisi. Lakini sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la kihistoria la mji huo, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, basi swali la kuuliza si kama sheria ya hifadhi ipo. Uliza: orodha ya majengo hatarishi ilisasishwa lini, na mangapi kati yake yana bajeti ya ukarabati mwaka huu?

Hatua ya 4: Fuata fedha

Kwa kila fungu andika tarakimu tatu: zilizotengwa, zilizotolewa, zilizotumika. Ya kwanza utaipata kwenye hotuba ya bajeti mbele ya Baraza la Wawakilishi, mbili zinazofuata kwenye taarifa za utekelezaji na ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Ripoti nyingi huishia kwenye ya kwanza, na hapo ndipo serikali husifiwa kwa fedha ambazo hazijatoka. Angalia pia kalenda: mwaka wa fedha huanza Julai, takwimu za wageni huhesabiwa kuanzia Januari. Ukizigawanya bila kuzilinganisha kwa miezi, utapata mapato kwa mgeni yasiyo ya kweli.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni kutoka nje hulipia bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Kwa tozo kama hii na kwa kodi ya miundombinu, uliza inaingia mfuko gani na kuna sheria gani inayolazimisha sehemu yake irudi kijijini. Pete ukaombe daftari la kamati ya kijiji inayopokea mapato ya hifadhi. Linganisha kilichoandikwa hifadhini kuwa kimetolewa na kilichoandikwa kijijini kuwa kimepokelewa.

Hatua ya 5: Pima mzigo, usipime wingi wa wageni tu

Wageni wa Zanzibar nzima walikuwa takriban 538,000 mwaka 2019 na takriban 736,000 mwaka 2024. Ukikadiria siku 7 kwa kila mgeni, 736,000 × 7 ÷ 365 ni kama watu 14,100 kwa siku. Unguja ilikuwa na wakazi 1,346,332 katika sensa ya 2022, yaani, wageni wote wakihesabiwa Unguja, mgeni mmoja kwa wakazi 95. Ukiishia hapo utasema mzigo ni mwepesi, nawe utakuwa umepotosha, kwani wageni hao hawakutawanyika kisiwani kote. Wamelala kwenye ukanda mwembamba wa pwani. Rudia hesabu kwa kila shehia, kwa vitanda na kwa miezi ya msimu.

Kisha hesabu maji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 kuhusu pwani ya mashariki ulikuta wastani wa lita 685 kwa mgeni kwa siku, karibu mara 15 ya mwenyeji. Hoteli ya vyumba 60 iliyojaa asilimia 70, wageni wawili kila chumba, hutumia hivyo lita 57,540 kwa siku, maji ya kaya zaidi ya 200 za watu sita. Tarakimu hiyo ni ya zamani. Itumie kukadiria tu, kisha weka usomaji wa mita. Kisima binafsi kisicho na mita ni jibu tosha kuhusu usimamizi.

Hatua ya 6: Nenda uwandani

Hapa msiharakishe. Pateni kwenye Kamisheni orodha nzima ya hoteli zenye leseni na mchague kumi kwa bahati nasibu. Mkikubali hoteli mnazopelekwa na ofisi, mtaona karo kumi safi za majitaka. Chukueni masharti ya kibali cha mazingira cha kila moja na myakague moja moja.

Visima: nunua kipima chumvi na ukirekebishe kila asubuhi kwa kimiminika cha mikrosimensi 1,413 kwa sentimita (kipimo cha maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, nacho hupanda). Maji ya bahari husoma karibu 50,000, hivyo kisima kinachopanda kutoka 1,200 hadi 3,000 kinakuambia bahari inaingia. Pima siku tatu za bamvua (maji ya bahari yanapojaa na kupwa sana), maji yakipwa na yakijaa, kwanza Februari wakati wa kaskazi, kisha Juni baada ya masika. Pima pia kisima kilicho kilomita mbili kutoka pwani, ndani ya kisiwa, mbali na hoteli. Bila hicho huwezi kutenganisha kiu ya hoteli na uhaba wa mvua, na mwenye hoteli atakushinda kwa hoja halali.

Taka: pima magunia siku saba mfululizo, kisha fuata gari mpaka Kibele au popote linakomwaga. Risiti ya kuzoa taka haithibitishi zilikofika.

Mahojiano: watu 12 hadi 15 kila shehia. Anza kwa sheha kwa heshima, kisha zungumza na wengine asipokuwepo. Wakulima wa mwani usiwafuate siku za bamvua, wako baharini. Waendee siku za maji mafu, bahari isipopwa sana, kwa msaili mwanamke. Wafanyakazi wa hoteli wahojiwe nje ya geti, na usiandike majina. Waulize kuhusu mkataba wa maandishi, na njia ya umma ya kushuka pwani: ilikuwa wapi, iko wapi sasa? Ipite mwenyewe kwa miguu.

Hatua ya 7: Toa alama, kisha irudishe rasimu

Usitoe wastani mmoja. Matangazo yenye 4 na maji yenye 1 hayafanyi 2.5, kwani wanakijiji hawanywi matangazo. Onyesha kila eneo peke yake, na kwa kila shehia taja alama ya chini kabisa mwanzoni.

Ipeleke rasimu kwa taasisi zote zilizotajwa na uwape siku 21. Alama ibadilike kwa waraka au kipimo tu, si kwa simu. Nakala nyingine, kurasa mbili kwa Kiswahili chepesi, isomwe mbele ya kikao cha kila shehia kabla ya kuchapishwa. Huko ndiko utakapoambiwa ni kisima kipi ulichokisahau.