Mbegu ya biringani haikamuliwi sokoni

Kipupwe hakijakaa sawa, na nimeshaingia nyua kadhaa hapa Unguja nikakuta jambo lilelile: kipande cha gazeti juu ya ukuta wa jiko, na juu yake mbegu za biringani zimeanikwa. Nikiuliza zimetoka wapi, jibu ni moja. "Nilinunua Mwanakwerekwe. Biringani zuri hilo, jeusi, linang'aa, nikasema hili lazima nilipande." Nyama imekwenda chunguni, mbegu zimekwenda gazetini.

Huko kung'aa ndiko kunakoniudhi. Biringani linalong'aa bado changa. Tunalila siku 15 hadi 25 tangu tunda lishike, nyama ikiwa laini na mbegu zikiwa nyeupe, zinatafunika bila mtu kuzihisi mdomoni. Mbegu inayotafunika haijakomaa. Inahitaji siku 50 hadi 60 tangu ua lichanue ndipo ikamilike, na wakati huo tunda limeshapauka, limegeuka manjano au hudhurungi, gumu, halifai kwa mchuzi wala kwa kukaanga. Hakuna mchuuzi anayeweka biringani la namna hiyo mezani kwake, na angeliweka usingelinunua.

Bibi mmoja wa Wete alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, mbona mimi zangu huota?" Na kweli zilimuotea. Alimwaga kitaluni kiganja kizima cha mbegu, ikatoka miche 11, akaipandikiza yote. Biringani alilokamua lilikuwa jeusi, la mviringo. Ilipozaa, mche mmoja ulitoa mabiringani membamba ya zambarau, mwengine ya mviringo yenye michirizi ya kijani, mmoja vikonyo vyake vina miba ya kumtoa mtu damu, na mitatu ilipanda mpaka kiunoni bila tunda la maana. Jeusi la mviringo hakulipata hata moja.

Sababu ni uchotara. Mabiringani mengi tunayonunua mjini huvuka na boti kutoka bara, na wakulima wanaolimia soko hupenda kupanda chotara, zile ambazo pakiti yake imeandikwa F1. Chotara ni mtoto wa wazazi wawili tofauti waliochaguliwa makusudi. Yeye mwenyewe huzaa vizuri na kwa usawa, lakini mbegu za ndani ya tunda lake hutawanyika, kila moja inafuata upande wake. Wenye minazi watanielewa upesi: chukua chotara ya kitamli, ule mnazi mfupi, na mnazi mrefu, panda nazi zake kumi, uone kama utapata minazi kumi iliyofanana. Hata lile biringani lisipokuwa chotara, huna habari lilikuwa jirani na aina gani shambani. Biringani hujichavusha lenyewe kwa sehemu kubwa, ila nyuki nao hawakai bure.

Halafu kuna ugonjwa. Ule uozo wa kuvu ya Phomopsis, unaoanza na baka la kahawia kwenye tunda na kulibonyeza ndani, husafiri ndani ya mbegu. Unauingiza uani kwa mkono wako.

Sasa tuhesabu hasara, maana watu wengi wanaona wamepoteza mbegu tu. Mbegu ikikataa kuota umepoteza wiki mbili au tatu, si neno. Hasara ni ile inayoota. Wiki 5 kitaluni, kisha siku 70 hadi 85 tangu kupandikiza mpaka chumo la kwanza. Hiyo ni karibu miezi 4 ya kubeba maji kwa ndoo na ya samadi uliyoinunua, ndipo ujue kwamba ulichokipanda sicho. Msimu umeshapita. Mtu huyohuyo hutia vocha ya simu kila siku bila kulalamika, lakini pakiti ndogo ya mbegu anaiona ghali! Nalisema hili kwa wanaume hasa, kwa sababu ndio wenye kuniambia "mbegu si ni mbegu".

Ununue aina gani basi? Kwa bustani ya uani nashauri aina zisizo chotara, ili mwakani ukitaka kujiwekea mbegu uweze. Mbili zinapatikana kwa urahisi.

Long Purple ndiyo ninayoipenda zaidi kwa nyumba ya kawaida. Tunda refu, sentimita 20 hadi 25, jembamba. Mche mmoja hutoa matunda madogomadogo mengi, kwa hiyo unachuma mawili leo na mawili keshokutwa, kipimo cha chungu kimoja cha biringani la nazi au la kuwekea ngonda. Hukati tunda kubwa ukala nusu, nusu nyengine ikageuka rangi juu ya sahani.

Black Beauty ni kongwe. Kampuni ya Burpee ya Marekani iliitoa mwaka 1902 na bado inauzwa. Tunda ni zito, umbo la yai kubwa, karibu jeusi, na ngozi yake ni nzuri kwa kuchoma juu ya makaa. Mche wake ni mfupi, unakaa vizuri hata kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa matundu 5 chini, kwa hiyo anayekaa Ng'ambo, kule mjini, bila ardhi asijione ametengwa. Ila tunda likigusa udongo huoza. Mti wa kuegemeza uchomeke siku ileile ya kupandikiza. Ukingoja mche uzae ndipo uchomeke, unakata mizizi.

Mwenye familia inayopenda uchungu kidogo apande nyanya chungu, ile inayoitwa ngogwe bara. Huo ni mmea mwengine kabisa, jamaa tu wa biringani. Aina ya Tengeru White, ya matunda meupe, haina ukali mwingi.

Chotara si haramu. Ukitaka F1 nunua, lakini ujue unanunua kila msimu, na usithubutu kukamua.

Angalia pia unalima wapi. Kwenye kinongo, ule udongo mwekundu wa kati na magharibi ya Unguja, aina zote nilizozitaja zinakaa. Uwandani, kuanzia Paje mpaka Makunduchi, au kule Micheweni, Pemba, mizizi inakutana na jiwe kabla ya kufika shubiri moja. Huko tumia ndoo au mfuko uliojaa udongo wenye mboji, na usimwagilie maji ya kisima chenye chumvi. Ncha za majani zikianza kuungua, ujue ni maji. Na popote ulipo, usipande biringani pale ulipokuwa na tungule (nyanya), pilipili au mbatata katika miaka 3 iliyopita. Mche ukisinyaa ghafla majani yangali kijani, kata kipande cha shina karibu na mzizi, kining'inize ndani ya gilasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka baada ya dakika chache, hiyo ni bakteria ya mnyauko. Hakuna dawa ya dukani ya kuutibu. Ng'oa, choma, na hapo panda mahindi au mchicha.

Pakiti isome kabla ya kutoa pesa. Tafuta jina la aina, neno F1 lipo au halipo, na tarehe ya mwisho. Pakiti iliyoning'inizwa mlangoni mwa duka, inayopigwa jua la mchana, iache hapohapo hata kama tarehe haijafika. Joto na unyevu wa visiwa hivi huua mbegu kimyakimya. Nunua ndogo kuliko zote: gramu 1 ina mbegu 200 hadi 250, na watu 6 nyumbani wanatoshelezwa na mibiringani 8 mpaka 10. Gawaneni na jirani.

Kabla ya kuatika, yaani kusia mbegu kitaluni, jaribu. Hesabu mbegu 20, zifunge ndani ya kitambaa kilichoroweshwa na kukamuliwa, weka mahali penye joto la jikoni, kitambaa kisikauke. Siku ya 10 fungua uhesabu. Zikiota 14 au zaidi, atika. Zikiota 10, atika mara mbili ya unazohitaji. Chini ya hapo rudisha dukani na ugombe. Nasema hesabu 20, si "kidogo kidogo". Ukitia kiganja, siku ya 10 hutajua umepata nini.

Atika katikati ya Aprili mpaka katikati ya Mei, upandikize Juni, masika yakiwa yamelegea. Anayepandikiza katikati ya mvua kubwa analisha mnyauko, na anayechelewa mpaka maua yakakutana na joto la kaskazi ataona maua yakidondoka. Kina cha mbegu ni nusu sentimita hadi sentimita 1, yaani nusu ya ukucha wa kidole gumba. Watu wanazika kama wanazika mhogo! Mistari iachane sentimita 10, funika kwa makuti, na makuti yaondoke juu ya udongo mara miche inapochomoza, siku ya 7 hadi ya 10. Makuti hayohayo uyanyanyue juu yawe kivuli chepesi, kisha wiki ya mwisho kabla ya kuhamisha uyaondoe kabisa ili miche izoee jua. Hamisha ikiwa na urefu wa sentimita 15 na majani 4 hadi 6 ya kweli, jioni. Mche kwa mche sentimita 60, mstari kwa mstari sentimita 75. Usibane. Sentimita 60 ni shubiri 3 hafifu, kila mtu ana mkono wa kupimia.

Majani mapana na maua ya zambarau ndani ya wiki sita au saba, mambo yanakwenda.

Ukitaka mbegu yako mwenyewe, na aina yako si chotara, chagua mche mmoja mzima, usio na baka, uliozaa vizuri kuliko wenzake. Chukua ua ambalo bado halijafunguka, livalishe kijifuko cha kitambaa chepesi ili nyuki asiingie, na ukivue tunda likishashika. Funga uzi mwekundu kwenye kikonyo, na uwaambie watu wote wa nyumbani, watoto wakiwemo, kwamba lile haliliwi. Mabiringani ya mbegu yaliyoishia chunguni kwa sababu mwenye uzi hakusema ni mengi kuliko yaliyoozeshwa na ugonjwa. Andika tarehe. Lichume siku ya 55 au ya 60, likae kivulini siku 7 mpaka 10 zaidi, kisha lipasue, lipondeponde ndani ya ndoo ya maji. Mbegu nzuri huzama, mapepe huelea, mwaga yanayoelea. Anika kwenye mkeka kivulini siku 2, kisha jua la asubuhi siku 2. Bati usilitumie, linaikaanga mbegu. Mbegu iliyo tayari ukiikunja kwa kucha inavunjika, haipindi.

Tia kwenye chupa yenye kifuniko kinachokaza, pamoja na vijiko viwili vya mchele uliokaangwa mkavu na kupoa, uunyonye unyevu. Iache wiki 4 kabla ya kuatika, kwa kuwa mbegu iliyotoka tu tundani huweza kulala. Juu ya chupa andika jina la aina na mwaka, na mbegu uliyoijaribu kitambaani mwaka huu ijaribu tena mwakani.