Somo: Vitumbua vya asubuhi ya Krismasi ukiwa kwenye nchi ya baridi

Habari zenu wapendwa. Desemba imeingia na swali ni lilelile la kila mwaka, mbona vitumbua vyangu haviumuki huku, mbona nyumbani Tanga nilikuwa nakoroga tu saa moja imetosha. Leo naandika yote kwa kirefu ili kila mtu apate.

Mimi naishi Aarhus, Denmark. Mwezi huu saa kumi jioni giza limeshaingia. Wenyeji sherehe yao kubwa ni usiku wa tarehe 24, wanakula bata wa kuoka au nguruwe, viazi vya kukaanga na sukari, na kabichi nyekundu, halafu wali wa maziwa wenye lozi moja nzima imefichwa ndani na anayeipata anapewa zawadi. Tunaalikwa tunaenda na tunakula vizuri tu. Ila asubuhi ya tarehe 25 ni yetu. Kwetu Krismasi haikuanza na pilau, ilianza na vitumbua, mama alikuwa anaroweka mchele tangu mchana wa tarehe 24, na alfajiri ukiamka nyumba nzima inanukia iliki, na sahani ya kwanza inavuka ua kwenda kwa majirani zetu Waislamu kama wao wanavyotuletea siku ya Idd, na sisi watoto haturuhusiwi kugusa hata kimoja mpaka sahani hiyo itoke. Hilo ndo ninalotaka wanangu walijue, kwa hiyo lazima viumuke.

Mwaka wangu wa kwanza huku niliacha bakuli jikoni karibu na dirisha usiku kucha. Asubuhi nafungua, hata povu moja hakuna, mchele umekaa chini maji juu. Nikaongeza hamira vijiko vitatu. Ikaumuka kweli, lakini ladha yote ikawa ya hamira, tui hulisikii kabisa, mtoto akaonja kimoja akasogeza sahani. Iliniuma sana. Jamani hamira ina uhai, inataka uvuguvugu. Ukiwa kwenye baridi usiiongeze, iongezee joto na muda.

VITU

Mchele vikombe 2 (gramu 400), tui la kopo moja la mililita 400, sukari gramu 100, hamira kavu kijiko 1 cha chai, iliki ya kusaga kijiko 1 cha chai, unga wa ngano kijiko 1 kikubwa, chumvi kidogo sana, mafuta ya kuchomea. Vinatoka kama 30 hivi.

Mchele uwe basmati au jasmine wa kawaida, mbichi. Huku kuna mchele mfupi wanaopikia uji wa Krismasi, umejaa madukani mwezi huu na bei nzuri, usiununue kwa kazi hii, unanata na vitumbua vinakuwa kama ulimbo ndani. Na mchele ulioandikwa umechemshwa kiwandani nao uache. Hamira mbichi ile ya vipande vya gramu 50 inayokaa kwenye friji za dukani inafaa pia, kata gramu 10 tu. Tui nunueni mapema maana tarehe 25 na 26 maduka mengi yamefungwa.

CHUMA

Hapa ndo nilipofurahi kuliko pote. Wadenmark wana maandazi yao ya duara ya Desemba yanaitwa æbleskiver, wanayala na jamu na sukari ya unga, na chuma chao cha kuchomea ni chuma cha vitumbua kabisa, kizito, matundu 7! Siku hizi wengi wananunua yaliyogandishwa tayari, kwa hiyo vyuma vya bibi zao unavikuta kwenye maduka ya mitumba. Changu nilikipata hivyo, kina kutu pembeni, nikakisugua kwa chumvi na mafuta, nikakiosha nikakikausha vizuri, nikakipaka mafuta kiduchu nikakiweka kwenye oveni ya moto saa nzima. Nikarudia mara mbili. Sasa hivi hakishiki hata kidogo.

HATUA

1. Roweka mchele masaa 8 mpaka 12. Ukivunja punje kwa kucha ikavunjika bila ubishi, tayari.

2. Tui la kopo kwenye baridi linaganda, mafuta juu maji chini, sasa ukilimimina hivyo kwenye blenda unaua joto lote. Lipashe kwenye sufuria moto mdogo mpaka liwe vuguvugu, chovya kidole kilichooshwa, usisikie ubaridi wala usiungue. Likichemka lisubiri lipoe, la moto sana linaua hamira.

3. Chuja maji ya mchele, weka kwenye blenda na tui na iliki. Saga sana. Halafu saga tena. Chukua tone usugue kati ya vidole viwili, ukisikia mchanga endelea, ikiwa ni chenga kidogo sana kama semolina laini basi inatosha. Blenda ikizidiwa ipumzishe, ukilazimisha inapata moto na mchele unaanza kuiva mlemle.

4. Tia sukari, hamira, unga wa ngano na chumvi, zungusha sekunde chache tu. Uzito wake uwe kama uji mzito unaomiminika, ukiinua mwiko unashuka kama utepe. Mimina kwenye bakuli kubwa, acha nafasi nusu ya bakuli maana linapanda.

5. Joto sasa. Oveni IMEZIMWA, washa taa yake tu, weka bakuli ndani limefunikwa, na chini yake weka sufuria ya maji ya moto. Funga mlango. Saa moja na nusu mpaka mbili utakuta limejaa povu. Na ubandike karatasi kwenye oveni kwamba kuna vitumbua ndani, mtu asije akaiwasha kuokea kitu kingine. Kama huna oveni tumia kulbox (lile boksi la kubebea vinywaji baridi, linatunza na joto pia), bakuli ndani na chupa mbili za maji ya moto pembeni.

Anayetaka kulala: tia hamira nusu, koroga, acha kwenye friji usiku, alfajiri toa uweke kwenye oveni yenye taa kama saa moja na nusu. Mimi nafanya hivi kila Krismasi kwa sababu usiku wa 24 tunarudi tumechoka.

6. Kabla ya kuchoma koroga taratibu mara moja tu, mchele huwa unashuka chini. Pasha chuma moto wa kati dakika 5 au zaidi. Nusu kijiko cha chai cha mafuta kila tundu. Mimina robo tatu ya tundu. Lazima ilie chwaa! Isipolia, ngoja. Kaa nacho hapo uangalie, kwanza pembeni panajikunja panakuwa rangi ya kahawia, halafu katikati vinaanza kufunguka vitobo kimoja kimoja, vitobo vikishakuwa vingi na juu pamebaki maji kidogo tu, ingiza kijiti cha mshikaki ukingoni, zungusha, kinajigeuza chenyewe. Upande wa pili ni dakika moja na kidogo.

Vile vya kwanza vinavyopendeza weka kwenye sahani ya jirani. Huku jirani yangu ni bibi wa Kidenmark anaishi peke yake, wanangu ndo wanaopeleka, na yeye siku hizi anaturudishia sahani na biskuti zake.

MASWALI YENU

Swali (Malmö): Dada naweza kuweka bakuli juu ya hita ya ukutani? Oveni yangu taa imeungua.

Jibu: Juu kabisa hapana mpenzi, chini ya bakuli panaiva na juu kumepoa. Weka kwenye kiti pembeni ya hita, funika na taulo nene, uwe unazungusha bakuli kila nusu saa.

Swali (Toronto): Sisi Mombasa unga wa ngano hatutii kabisa kwenye vitumbua, si vitakuwa vigumu?

Jibu: Kweli kabisa, bibi yangu naye hakutia. Kijiko kimoja nakiweka kwa ajili ya tui la kopo tu, kuna makopo yana maji mengi kitumbua kinakosa nguvu ya kugeuzwa. Ukikuna nazi mwenyewe au tui lako ni zito, acha unga.

Swali: Nje vimeungua ndani vibichi. Nimefanya mara mbili.

Jibu: Pole mama. Chuma kizito kikishapata moto hakipoi haraka, kwa hiyo baada ya raundi ya kwanza punguza. Jiko langu lina namba mpaka 9, naanza na 6 naendelea na 4. Na usijaze tundu mpaka juu.

Swali (Birmingham): Chuma changu cha vitumbua nilitoka nacho Dar cha alumini, jiko la huku la kioo halikiwashi kabisa, nimeambiwa jiko bovu.

Jibu: Jiko zima hilo. Majiko ya indaksheni yanataka chombo kinachoshika sumaku, alumini haishiki. Chukua sumaku ya kwenye friji ujaribu chini ya chombo chochote kabla hujanunua. Madukani kwa Wahindi kuna vyuma vya kuchomea paniyaram, vitumbua vyao vya Kihindi, matundu madogo kidogo lakini kazi ni hiyohiyo, chagua cha chuma kizito.

Swali: Na nikikosa chuma kabisa mpaka tarehe 25?

Jibu: Paka mafuta bati la keki, mimina yote, oka nyuzi 180 kama dakika 40, ukichoma kijiti kitoke kikavu. Huo ni mkate wa kumimina na watoto wataufurahia, chai iwe ya maziwa na tangawizi.

Swali (Oslo): Nafanya kazi zamu ya usiku tarehe 24, naweza kuchoma tarehe 22 nikagandisha?

Jibu: Unaweza. Viache vipoe kabisa ndo uvifunge, vikiwa na mvuke vinalowa. Siku yenyewe viweke kwenye oveni nyuzi 160 dakika kama 10 bila kuviyeyusha kwanza, usitumie maikrowevu vinakuwa mpira. Ila bakiza vikombe viwili vya rojo kwenye friji kama utaweza, uchome vichache ukitoka kazini, ile harufu ya iliki watoto wakiamka haigandishwi.