Mwanao ana mpira mguuni? Anza na cheti cha kuzaliwa

Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya msingi, Kigoma mjini, na miaka ya kustaafu inanikaribia. Wazazi hunifuata na swali lilelile: mwalimu, huyu mtoto anaujua mpira kweli, nimpeleke wapi? Jibu langu huwakera. Kwa sasa usimpeleke popote. Nenda kwanza RITA, wanakotoa vyeti vya kuzaliwa.

Vipaji huku mwisho wa reli havijawahi kuwa shida. Pita Kibirizi jioni uone watoto wanavyopigana chenga na mpira wa makaratasi, pembeni dagaa wameanikwa, na mama mwenye dagaa anawafukuza kwa fagio. Tunachokosa ni karatasi na dawati. Wengi wanaopotea hupotea kati ya darasa la sita na kidato cha pili, ama kwa sababu umri wao haueleweki, ama kwa sababu shule wameshaiacha.

Basi cheti cha kuzaliwa kifuatilie mtoto akiwa bado mdogo, kadi ya kliniki ikiwa bado inasomeka. Ukikipata, hakikisha jina la kwenye cheti ndilo lililoandikwa shuleni, herufi kwa herufi. Hapa ndipo balaa linapoanzia. Kwenye cheti ni Ramadhani, kwenye rejista ya shule ni Rama, na timu ya mtaani inamjua kwa jina la babu yake mzaa mama. Siku TFF, shirikisho letu la mpira, wanapomsajili kwenye mfumo wa FIFA, hao ni watu watatu. Kuna na ule mtindo wa kumrudisha mtoto darasa kwa jina la mwenzake aliyehama. Usikubali, hata ukiambiwa ni kwa faida yake. Akihama shule, hama na namba yake ya PREM, ile namba ya utambulisho wa mwanafunzi, na majina yake yote matatu. Na kwa kuwa Burundi na Kongo ni majirani zetu wa mlango kwa mlango, mtu wa Kigoma huulizwa uraia mapema kuliko mtu wa Dodoma. Vyeti vya wazazi viwekwe kwenye bahasha hiyohiyo.

Halafu kuna suala la kushusha umri. Baba mmoja kijana, anauza samaki aina ya migebuka, alinifuata uwanjani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, baba."

"Mwalimu, tukimpunguza miaka miwili tu kuna ubaya gani? Wenzetu wote wanafanya."

"Na mfupa nao utaupunguza?"

Alicheka, lakini hakuelewa, kwa hiyo nikamweleza. Tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 la mwaka 2009, FIFA wanapiga picha ya MRI, kipimo kinachoonyesha ndani ya mwili, kwenye kifundo cha mkono. Kwa mtoto anayekua bado kuna sehemu ya mfupa haijaunga. Ikishaunga kabisa, huyo ni kijeba, yaani amezidi umri, na anarudi nyumbani. Sisi Watanzania tumeonja pande zote mbili. Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya chini ya miaka 17, walifuzu fainali za Afrika za Gambia mwaka 2005, wakaondolewa kwa kuchezesha mtu aliyezidi umri. Mwaka 2017 tulikwenda Gabon kwa sababu Kongo Brazzaville walishindwa kumleta mchezaji wao kwenye kipimo. Hata bila MRI, kijeba anaonekana: akiwa na watoto anatamba kwa kifua, akipanda kwa wakubwa anakuwa wa kawaida, kwa sababu hakuwahi kulazimika kutumia akili.

Sasa mpira wenyewe. Kabla ya miaka 12 mwache acheze chandimu, peku, mchangani, namba yoyote. Usimfanye mtoto wa miaka tisa kuwa namba tisa wa maisha. Baba anayesimama pembeni ya uwanja akipiga kelele "piga! piga!" humfundisha mwanawe kuuogopa mpira. Na kama anapenda kudaka, mwache adake. Juma Kaseja ametokea Kigoma hii, na milingoti ya Simba na Taifa Stars imemfikisha mbali kuliko washambuliaji wengi tuliowashangilia hapa. Viatu vya njumu ni vya baadaye. Akianza kuvivaa, vimtoshe. Vile vya kaka yake vilivyojazwa matambara mbele ndivyo vinavyotuletea vifundo vya miguu kuteguka.

Kati ya miaka 10 na 15 utamsikia akilalamika goti, hasa kwenye kile kifundo cha mfupa kilicho chini tu ya kofia ya goti. Ukipagusa anaruka. Mara nyingi hutokea mifupa inaporefuka kwa kasi huku mtoto akikimbia na kuruka sana. Hajarogwa, na hahitaji kukandwa na mtu mwenye mikono ya chuma. Mpunguzie mazoezi kwa muda, mwekee kitu cha baridi, na kama limevimba sana, anachechemea au linauma hata usiku akiwa amelala, nenda hospitali. Kocha anayemwambia "vumilia, mwanaume wewe" mwepuke. Chakula hakinisumbui sana: ugali wa muhogo, maharage, dagaa, mboga iliyoungwa kwa mawese, na maji ya kutosha. Vile vinywaji vya kuongeza nguvu vya dukani si vya mtoto.

Shule ndiyo yenye kazi kubwa, na kwa hapa Kigoma lazima uijue kalenda ya Ziwa Tanganyika. Siku za giza, usiku usio na mwezi, mitumbwi inaingia kuvua dagaa kwa taa, na asubuhi yake madawati yangu yana mapengo: wavulana wako mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, wanabeba, wanaanika, wanalipwa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inatulia, na watoto wanarudi darasani. Kwa hiyo mazoezi magumu nayapanga siku za mbalamwezi. Siku za giza nafanya mepesi, na sharti ni moja: asiyeingia darasani asubuhi haingii uwanjani jioni. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, nyumba nyingi zililia njaa, nami siwezi kusema nilifurahi, ila mahudhurio yalibadilika waziwazi. Mzazi, ukimtuma mwaloni kila siku ya giza, usinilaumu mimi kwamba hachaguliwi.

Kwa nini nang'ang'ania darasa? Kwa sababu ngazi ya mtoto wa mkoani ni mashindano ya shule, UMITASHUMTA akiwa msingi na UMISSETA akiwa sekondari: shule, kata, wilaya, mkoa, kisha taifa, na huko ndiko makocha wanakotazama. Aliyeacha shule hana ngazi hiyo. Hata vituo vyenye jina havitaki mtoro. Alliance ya Mwanza, kwa mfano, ina shule yake yenyewe.

Ila shule peke yake haitoshi. Akifika mwaka anaotimiza miaka 12, mwandikishe pia kwenye klabu au kituo kinachotambuliwa na chama cha mpira cha wilaya, na usajili huo uwe wa maandishi. Kanuni za FIFA zinatenga asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kimataifa kwa klabu zilizomlea mchezaji kuanzia miaka 12 hadi 23: robo asilimia kwa kila mwaka kuanzia 12 hadi 15, nusu asilimia kwa kila mwaka baada ya hapo. Akiuzwa kwa shilingi bilioni moja, klabu ya mtaa iliyomlea miaka ile minne ya mwanzo inastahili milioni 10. Hapo unanunua mipira, nyavu, na bado unabaki na chenji. Bila karatasi, hela hiyo hamuioni.

Sasa mtu atakuja, amevaa jezi nzuri, atasema anatafuta vijana wa majaribio Dar es Salaam na nauli mtoe nyinyi, pamoja na "ada ya fomu". Mwombe barua ya klabu, halafu namba ya simu ya klabu itafute mwenyewe, usiipige ile aliyokupa yeye. Uliza mtoto atalala wapi, nani atamsindikiza kwenye safari ya zaidi ya kilomita 1,200, na Jumatatu ataingia darasa gani. Akianza kukasirika, achana naye pale pale.

Akisema ni Ulaya, jibu ni fupi zaidi. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa kwa aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi kuhamia huko kwa shughuli zisizohusu mpira. Kelvin John wa Morogoro kila mtu alimwona kwenye AFCON ya vijana ya 2019, lakini Genk ya Ubelgiji walimsaini mwaka 2021, alipotimiza 18. Katikati hapo alikuwa shule, Uingereza.

Na ikifika siku ya mkataba wa kweli hapa nchini, akiwa bado hajafika 18, kanuni zinasema usizidi miaka mitatu. Usome nyumbani, siyo ofisini kwao. Mpe na mwalimu wake wa Kiswahili au wa Kiingereza ausome. Tafuta mstari unaosema nani atalipia matibabu akivunjika na nani atalipia shule. Kama haumo, urudishe wauandike ndipo uchukue kalamu, na nakala moja iingie kwenye ile bahasha ya cheti.